Mgeni wa Siku Tatu na Jembe Lake

KATIKA vyumba vya walimu na katika ofisi nyingi, likitajwa tamasha la muziki wa roki la huko Ulaya au Marekani, wengi hutikisa vichwa. Picha inayowajia ni ile ile: vijana wenye nywele ndefu, tope hadi magotini, kelele za magitaa, bangi na miili iliyo nusu uchi. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba hao ni wahuni, na kwamba wahuni wakikusanywa laki mbili mahali pamoja, matokeo hayawezi kuwa mengine ila fujo. Hukumu hiyo ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi imeenea sana. Ubaya wake ni kwamba haipatani na mambo yalivyotokea.

Matamasha hayo yana historia ya zaidi ya nusu karne. Mara moja vijana wapatao laki nne walikaa siku tatu katika mvua na njaa bila kupigana. Miaka 30 baadaye, katika jimbo lile lile la nchi ile ile, vijana waliokusanyika kwa jina lile lile walichoma moto uwanja walioulipia kuingia. Kama chanzo kingekuwa uhuni wa ujana, tofauti hiyo isingeelezeka, maana vijana ni vijana kila mwaka. Hapana budi chanzo kitafutwe pia kwa yule aliyewaalika.

ANACHOKIFUATA SHABIKI

Inafaa kwanza kumfahamu shabiki mwenyewe. Katika nchi za kaskazini majira ya baridi ni marefu, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo nafasi ya watu kukaa nje. Kijana anayekwenda kwenye tamasha huwa ameweka akiba kwa miezi kadhaa. Hubeba hema, mfuko wa kulalia na mabuti ya mpira. Akifika langoni hufungwa utepe mkononi, ambao ndio kibali chake cha kuingia na kutoka. Husimika hema lake bega kwa bega na watu asiowajua, na kwa siku tatu au nne hulala chini, hupanga foleni ya maji, foleni ya choo na foleni ya chakula, na usiku husimama saa nyingi mbele ya jukwaa, mvua inyeshe isinyeshe.

Nyimbo zenyewe angeweza kuzisikia nyumbani, tena kwa sauti safi zaidi. Anachokifuata uwanjani ni kuimba wimbo mmoja pamoja na watu elfu hamsini. Kwa jamii iliyokulia kwenye ngoma jambo hilo halihitaji maelezo marefu, kwa sababu ngoma haichezwi na mtu mmoja, na mtazamaji wake ni nusu ya mchezo. Wala muziki huo si wa watu wa mbali tu. Freddie Mercury, mmoja wa waimbaji wake mashuhuri kabisa, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na onyesho lake la mwisho pamoja na kundi la Queen lilifanyika katika uwanja wa wazi wa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986, mbele ya umati uliokadiriwa kuzidi laki moja.

Mtu anayekubali taabu zote hizo kwa hiari yake hakuja kuvunja. Huyo ni mgeni. Na Waswahili wana kauli ya zamani juu ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu apewe jembe. Tamasha, kwa desturi, ni la siku tatu. Kauli hiyo ina pande mbili, haki ya mgeni kutunzwa na wajibu wa mgeni kushika kazi. Na kila tamasha kubwa limefaulu au limeanguka kwa kadiri pande hizo mbili zilivyokumbukwa.

MKULIMA NA MAJI

Tamasha la Woodstock lilifanyika kuanzia tarehe 15 Agosti 1969 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, huko Bethel, jimbo la New York. Tiketi ya siku zote tatu iliuzwa dola 18 kwa aliyenunua mapema. Maandalizi yalikuwa mabovu. Uzio haukukamilika, watu wakafurika kabla ya milango kuwekwa, na waandaaji wakalazimika kutangaza kwamba kuingia ni bure. Barabara zilifungwa na magari yaliyotelekezwa, mvua kubwa ikanyesha, chakula kikaisha, na wilaya ikatangaza hali ya hatari.

Kwa kipimo cha wenye kutikisa vichwa, hapo ndipo maafa yangetokea. Yaliyotokea ni mengine. Jumuiya iliyoitwa Hog Farm, ambayo waandaaji walikuwa wameialika kusaidia kazi za kambini, iligeuka jiko la umma na kugawa nafaka na mboga kwa maelfu. Wakazi wa miji ya jirani, ambao hapo awali wengi wao hawakulitaka tamasha hilo, walituma vyakula. Helikopta za jeshi zilileta vifaa na kuchukua wagonjwa. Yasgur mwenyewe hakuwa mpenzi wa roki, bali mkulima wa siasa za kihafidhina. Lakini aliposikia kwamba baadhi ya watu wa eneo lake walikuwa wakiwauzia vijana maji, alikasirika na kuuliza inawezekanaje mtu adai fedha kwa ajili ya maji, kisha akawatangazia wote kwamba kwake maji ni bure.

Si kwamba Woodstock ilikuwa pepo. Kijana mmoja alikufa kwa dawa za kulevya, na mwingine alikanyagwa na trekta akiwa amelala ndani ya mfuko wake. Aidha, kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: vibanda viwili vya chakula vilichomwa moto usiku wa Jumamosi, baada ya foleni kurefuka na bei kupandishwa. Katika umati ule ule uliosifiwa kwa amani, moto uliwaka pale pale mgeni alipoanza kukamuliwa. Hilo lilikuwa onyo, lakini halikuzingatiwa.

CHUPA YA DOLA 4

Mwezi wa Julai 1999 jina la Woodstock liliitwa tena kusherehekea miaka 30. Safari hii mahali palipochaguliwa hapakuwa shamba la majani bali iliyokuwa kambi ya ndege za kijeshi ya Griffiss, katika mji wa Rome, jimbo lile lile la New York. Uwanja ulikuwa wa lami na saruji, kivuli kilikuwa haba, na majukwaa makubwa mawili yalitenganishwa na mwendo mrefu juani. Uzio mrefu ulijengwa kuuzunguka uwanja ili asiingie asiyelipa. Tiketi ilikuwa dola 150. Joto lilikaribia nyuzi 38 za sentigredi. Watu waliokuja na vyakula na maji yao walinyang'anywa langoni, na ndani chupa moja ya maji iliuzwa dola 4.

Kilichofuata kinajulikana. Foleni za mabomba ya bure zilikuwa ndefu mno, watu wakayavunja mabomba ili wapate kunywa, maji yakamwagika, na uchafu wa vyoo vilivyofurika ukachanganyika na tope ambalo vijana walilichezea bila kujua ni tope la namna gani. Kijana mmoja wa miaka 24 aliyezidiwa na joto katikati ya umati alifariki hospitalini. Walinzi wengi walikuwa wameajiriwa na kufundishwa kwa haraka. Usiku wa mwisho, mishumaa iligawiwa kwa nia ya kuombea amani, na mishumaa hiyo ndiyo iliyowasha mioto. Matrela yaliteketea, mashine za kutolea fedha zilivunjwa, maduka yaliporwa, na ikabidi polisi wa jimbo waingie kuutoa umati.

Hapana budi jambo moja lisemwe waziwazi. Katika siku hizo wanawake walidhalilishwa hadharani, na polisi walipokea taarifa za ubakaji. Hakuna joto wala bei ya maji inayoweza kuhalalisha kitendo hicho, na aliyekitenda atabaki na hatia yake. Lakini kumhukumu mkosaji ni jambo moja, na kuchunguza ni nani aliyeandaa mahali ambapo mkosaji hakuonwa wala kuzuiwa ni jambo jingine, na yote mawili yanapaswa kufanywa. Waliouza chupa kwa dola 4 walikuwa na hesabu nzuri ya mapato. Hesabu ya walinzi, ya mabomba na ya vivuli haikufanywa kwa bidii ile ile. Mgeni hakupewa utunzaji wala hakupewa jembe. Alipewa ankara peke yake.

NIA NJEMA HAITOSHI

Hata hivyo ingekuwa kosa kukomea hapo na kusema kwamba tamaa ya faida ndiyo asili ya maafa yote. Mfano wa Denmark unalikataa jibu hilo jepesi. Tamasha la Roskilde, lililoanza mwaka 1971, huendeshwa na chama kisichogawana faida. Mapato yake hutolewa kwa kazi za kibinadamu na utamaduni, na maelfu ya watu hufanya kazi humo kwa kujitolea. Ni tamasha lenye sifa ya udugu. Na bado, usiku wa tarehe 30 Juni 2000, kundi la Pearl Jam likiwa jukwaani, vijana tisa wa kiume kutoka nchi tano, mdogo wao akiwa na miaka 17, walipoteza maisha mbele ya jukwaa.

Hawakupigana, wala hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa ikiteleza. Umati ulisukuma mbele, baadhi wakaanguka, na waliowaangukia hawakuweza kuinuka. Kelele za waliokuwa wakiomba msaada zilimezwa na muziki, na dakika za thamani zilipita kabla ya habari kufika jukwaani. Mwimbaji Eddie Vedder alipoambiwa, alisimamisha muziki na kuwasihi watu warudi nyuma, lakini kwa wale waliokuwa chini wakati ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo elimu inapohitajika kuliko lawama. Mhandisi John Fruin wa Marekani, aliyechunguza misongamano kwa miaka mingi, alieleza kwamba watu wakifikia saba hivi katika kila meta moja ya mraba, umati huacha kuwa watu mmoja mmoja na kuanza kwenda kama maji: wimbi likitokea nyuma hupita katika miili mpaka mbele, na hakuna mwenye nguvu za kulizuia. Wengi wanaokufa katika hali hiyo hawauawi kwa kukanyagwa, bali kwa kukosa hewa, kwa sababu kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka. Aliye nyuma hajui, naye anaendelea kuimba kwa furaha. Kwa hiyo kumwita muuaji ni kumwonea, na kumtaka aokoe asichokiona ni kumtwika mzigo usio wake. Mwenye uwezo wa kuona ni yule aliye juu ya jukwaa, na yule aliyewekwa pembeni kwa kazi hiyo.

La kupongezwa ni kwamba watu wa Roskilde hawakujificha nyuma ya nia yao njema. Eneo la mbele ya jukwaa kuu liligawanywa kwa vizuizi, idadi ya wanaoingia katika kila sehemu ikawekewa mpaka, na kubebwa juu ya vichwa vya watu kukakatazwa. Walinzi waliofundishwa kuutazama umati, si kuutazama muziki, huwapitishia maji walio mbele ili wasilazimike kutoka. Miti tisa ilipandwa uwanjani kuwakumbuka marehemu, na kila kizazi kipya cha mashabiki huikuta pale.

UZIO NA JEMBE

Mfano wa mwisho ni wa Uingereza, na ndio unaofunga hoja. Tarehe 19 Septemba 1970, siku moja baada ya kifo cha Jimi Hendrix, mkulima Michael Eavis aliwaalika watu katika shamba lake la Worthy huko Pilton, mkoa wa Somerset. Walikuja kama 1,500. Kiingilio kilikuwa pauni 1, na ndani yake kulikuwa na maziwa ya shamba bila malipo. Hiyo ndiyo mbegu ya tamasha la Glastonbury, ambalo siku hizi hukusanya zaidi ya watu laki mbili. Jukwaa la piramidi lililojengwa mwaka 1981 lilitumika wakati wa baridi kama banda la ng'ombe, na mpaka leo baada ya miaka kadhaa shamba huachwa lipumzike mwaka mzima bila tamasha, kama ilivyopangwa kwa mwaka 2026.

Kwa muda mrefu kuruka uzio wa Glastonbury kulikuwa sehemu ya simulizi zake. Wengi waliona ni uhuru wa kijana asiye na fedha. Mwaka 2000 walioingia bila tiketi walikadiriwa kufikia laki moja. Mwaka huo huo vifo vya Roskilde vikaonyesha umati usiohesabiwa unavyoweza kuua, na hapo ucheshi ukaisha. Mwaka 2001 tamasha halikufanyika, na mwaka 2002 ulijengwa uzio imara usiorukika. Walikuwapo mashabiki waliolalamika kwamba roho ya tamasha imefungiwa nje. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini mwenyeji asiyejua idadi ya wageni wake hawezi kujua maji kiasi gani yatoshe, wala vyoo vingapi, wala njia ngapi za kutokea. Uzio wa Rome ulijengwa kulinda mapato. Uzio wa Pilton uliokoa hesabu ya watu. Kwa macho zinafanana. Kwa kazi hazifanani.

Kilichobaki cha kulaumiwa ni bei. Tiketi ya mwaka 2025 ilikuwa pauni 373 na nusu, kabla ya ada ya kuiandikisha, na ni dhahiri kwamba kijana wa mfanyakazi wa kawaida hawezi kuitoa kiasi hicho bila kujinyima. Ni jeraha la kweli, na sifa za tamasha hilo zisilifunike. Hata hivyo mlango mmoja umeachwa wazi: maelfu huingia kwa kazi. Shirika la Oxfam hupeleka watu wa kujitolea kusimamia milango na njia, na badala ya zamu zao huingia bila kununua tiketi, nalo shirika hupata fedha za kazi zake. Mabomba ya maji ya bure yametandazwa uwanjani, na tangu mwaka 2019 maji ya chupa za plastiki za kutupwa hayauzwi tena humo. Hapo mgeni ametunzwa, na hapo hapo amepewa jembe.

Kijana aliyeshinda asubuhi akielekeza watu njiani au akigawa maji hawezi tena jioni kuuona uwanja kama mali ya mtu mwingine, wala kumwona aliyeanguka kama kikwazo miguuni pake. Kazi imemfanya mwenyeji. Waliokuja Rome mwaka 1999 walikuwa na umri ule ule, nao walipenda magitaa yale yale, ila hakuna aliyewahi kuwataka wawe kitu kingine zaidi ya wanunuzi.

FUNZO KWA MWENYE KUIDHINISHA

Mwalimu na mtumishi wa umma wanaweza kudhani kwamba habari hizi ni za wenye magitaa wa ng'ambo. Sivyo. Mwalimu ndiye anayewapeleka wanafunzi mia tatu kwenye mashindano ya michezo, na mtumishi ndiye anayeweka sahihi kwenye kibali cha mkutano, cha mechi, cha mkesha na cha onyesho la bendi. Mbele ya kila sahihi ya namna hiyo kuna umati, na umati hauulizi kama mwenye kalamu anaupenda muziki wake.

Kwa muda mrefu swali la kwanza la wakubwa limekuwa vijana hao wana tabia gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini lisitangulie. Yatangulie mengine, ambayo yana majibu ya kuhesabika: Wataingia wangapi, na nani atawahesabu? Maji yako wapi, na ni bure? Kivuli kipo? Milango ya kutokea ni mingapi, na funguo zake ziko kwa nani? Mtu gani, kwa jina lake, amepewa mamlaka ya kusimamisha muziki mara aonapo hatari, bila kuomba ruhusa kwa anayehesabu mapato? Na vijana wenyewe wamepangiwa kazi gani? Kibali kinachotolewa kabla ya majibu hayo ni karatasi tupu, hata kiwe na mihuri mitatu.

Max Yasgur hakuwa mtaalamu wa misongamano, wala hakuupenda muziki uliopigwa shambani mwake. Alijua jambo moja tu, kwamba mtu mwenye kiu aliyesimama katika ardhi yako ni mgeni wako. Waliokuja baada yake walikuwa na wahandisi, mawakili na makampuni ya ulinzi, na kwa dola 4 wakalisahau jambo hilo. Anayekaa leo na kibali mezani anaweza kuchagua amfuate nani kati yao, na inampasa achague kabla wino wa sahihi yake haujakauka.